Alipogusa Sikio

Zena mwanangu,

Nakuandikia tukiwa bado nyumba moja. Wewe uko hapo kwa Bi Somoe unaaga, na kicheko chako nakisikia kinapita uani mpaka hapa kibarazani. Mtu akituona atasema huyu mama ana wazimu, si amwite mtoto wake waseme. Lakini unanijua. Mdomo wangu na moyo wangu havijawahi kukaa mkeka mmoja. Ndiyo maana tangu nitoke kwenye sala ya alasiri nimechukua lile daftari lako la zamani lililobaki kurasa, naandika. Shule niliiacha darasa la tano, basi herufi zikienda kombo zisome hivyo hivyo zilivyo kombo.

Habari za kuchemsha maji, za kutolala mlango wazi, za kusali kwa wakati, sitaziandika. Umezisikia miaka kumi na minane, na kama hazijaingia mpaka leo karatasi haitaziingiza. Sufuria zenu nimezifunga kwenye kanga yangu kuukuu, kubwa imemeza ndogo. Kesho asubuhi lori likipita mtapanda, wewe na ndugu yako Tatu, mpaka kivukoni Ndundu, mvuke, na mkijaliwa jioni mko Nangurukuru mnatafuta pa kuweka jiko. Chai, chapati, wali na samaki kwa wasafiri wa Lindi na Mtwara. Wawili tu, mmoja apike mmoja auze. Nawaombea, na nawaamini. Hilo liweke moyoni kabla hujasoma yanayofuata, maana yanayofuata si mepesi.

Unaikumbuka ile siku ya Ramadhani mliyowafunga kina Bi Somoe mara sita mfululizo? Saumu ilikuwa kali, jua halishuki, nanyi wanawake wa mtaa mko mkekani mnaisukuma siku kwa karata kama kawaida. Mimi nilikuwa napita na nazi mkononi, nakwenda kukuna.

"Jamani!" Bi Somoe akalia. "Mchana kutwa nimefunga, na jioni nafungwa!"

"Funga mdomo pia, bibi, karata hazitaki maneno," ukamjibu. "Na maji ya kufuturia leo mtatuchotea ninyi."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa namwangalia Tatu. Alikuwa amekaa mkabala na wewe, karata amezikumbatia kifuani. Akapeleka mkono kwenye sikio la kushoto, akalivuta ndewe mara mbili. Basi. Na wewe, hata uso hukuinua, ukatupa turufu ukala.

Nazi ikanitoka mkononi. Ukageuka ukaniuliza, "Mama, saumu imekukamata?" Nikakwambia ndiyo. Nilisema uongo nikiwa nimefunga, Mungu anisamehe.

Sikukufundisha wewe ile ishara. Wala sikumfundisha Tatu. Karata zangu nilizifunga kitambaani miaka kumi iliyopita, na mpaka leo sijazifungua. Ninyi mmejifunza kwa majirani. Lakini ile ya sikio majirani hawaijui. Ile ilikuwa ya watu wawili tu, mimi na mama yako mdogo Hawa, mama yake Tatu, na Hawa yuko kaburini.

Nimewaza mwezi mzima wa Ramadhani na nusu ya mfungo mosi huu, nikapata jibu moja. Tatu alikuwa na miaka sita, hamalizi siku bila kukaa mapajani kwa mama yake tukicheza. Alikuwa anaona. Amekua na kitu cha mama yake mwilini hajui kimetoka wapi, na wewe umekisoma bila kuambiwa. Sasa kesho mnakwenda kufanya biashara wawili, na hicho kitu mnakwenda nacho. Hicho ndicho ninachotaka kukueleza.

Mimi na Hawa tulianza kucheza huko kwetu Delta tukiwa wasichana wadogo, mimi nimempita miaka miwili. Unajua sheria, mwenzio anakaa mbele yako na kusema hamruhusiwi. Basi watu husema kwa macho. Sisi tulikuwa na zetu. Jicho la kulia likifumba, ninayo ree ya turufu. Ulimi ukisukuma shavu, ninaye mzungu wa nne, yaani mfalme. Sikio la kushoto likivutwa mara mbili: mkono wangu mtupu, nibebe. Tukaenda mpaka vijiji vya jirani tukacheza na watu wazima, wanakuja na wachezaji wao, tunawafunga, wanarudi wanasema hawa dada wawili wana jini. Jini hatukuwa nalo. Hawa alikumbuka kila karata iliyoanguka. "Uru ya saba imeshakufa, dada, usiihofu," angeniambia tukimaliza, "alikufa nayo yule mwenye kilemba cheusi." Na mimi nilikuwa na uso mkavu. Nikipewa karata nzuri au garasa tupu, uso wangu ni ule ule.

Halafu ikaja ruksa. Ninyi mmekua nayo hamwoni ajabu yake. Zamani ukionekana na magunia mawili njiani unaitwa mlanguzi, unaulizwa umeyatoa wapi na unayapeleka kwa nani. Mara tukaambiwa uzeni. Watu walikaa kwanza wakisubiri kusikia kama ni mtego. Hawa hakusubiri. Alikuwa anachanga karata, akasema, "Dada, kwani biashara si karata tu? Una mkono wako, mwenzio ana wake, kila mtu anaficha. Sisi tunashindwaje?"

Nikamcheka. Wiki ya pili tulikuwa tunanunua kamba kwa wavuvi, tunawachemsha, tunawaanika mikekani, tunapanda mtumbwi na magunia kuleta huku Kibiti. Na kweli, tulikuwa wazuri. Hawa hakuandika kitu. Alijua kichwani yupi anataka wakubwa, yupi alikuja mara mbili akaondoka bila kununua, yupi akisema "nitarudi" anarudi. Wale kamba wadogo wasiotakiwa na mtu, mimi nilitaka kuwamwaga. Akaninyang'anya. "Mkono mzuri hata mjinga anaucheza," akasema. "Tuone huu." Akawafunga kwenye vipande vya gazeti, akawauza dirishani mwa mabasi kwa watu wanaotaka cha kutafuna njiani. Siku hizo hakuna aliyefanya hivyo. Mkija kukwama Nangurukuru, mvua imekata barabara na wasafiri hawafiki, mkumbukeni. Mkono mbaya utawajia mara nyingi kuliko mzuri. Yeye hakununa nao.

Mimi nilikuwa na kosa langu, nalo ni huu uso. Alikuja mnunuzi mmoja na masanduku ya barafu, anataka kamba wabichi. Nikamkaushia. Akainuka aondoke, nikakausha. Akarudi, akaongeza kidogo, nikakausha. Mara ya tatu akapanda chombo chake akaenda kijiji cha mbele. Jioni kamba wananuka hata paka hawataki. Hawa alicheka mpaka akakaa chini. "Uso wako umeshinda, dada! Kamba ndio walioshindwa!"

Tulicheka sana, na kicheko kile ndicho kilichoniharibu. Ningelia siku ile ningejifunza. Kwenye karata mpinzani wako hawezi kuinuka katikati ya mkono akaenda mkeka mwingine. Kwenye biashara anaweza, na ana mikeka mingi.

Uso huu huu ulinitoa kwa baba yako. Hajanikosea vibaya, nisimsingizie. Siku anaondoka kwenda Utete alisema, "Nimeishi na wewe miaka saba, sijui hata siku moja uliyofurahi." Na mimi nilikuwa nafurahi, Zena. Nilikuwa nafurahi akirudi shamba, nilikuwa nafurahi akiimba. Nilidhani anaona.

Sasa sikio. Sokoni ile ishara iligeuka bila sisi kukaa tukakubaliana. Mnunuzi akileta bei ndogo, Hawa alivuta sikio kana kwamba hana haja, na mimi nikaelewa: kaza, atakuja. Akaja kweli. Ikawa hivyo. Mkekani sikio ni nibebe, sokoni sikio ni kaza. Ishara moja, maana mbili, na haikutusumbua kwa sababu tulijua tuko mkekani au tuko sokoni.

Mpaka siku tulipokuwa dikoni, pale mitumbwi inapofunga, na magunia manne, hatuko mkekani wala sokoni.

Hawa alikuwa na homa siku ya pili. Alisema ni homa tu. Nikamwambia tukishuka tutapita Mchukwi hospitali wakuchome sindano, halafu twende sokoni. Akakubali. Mtumbwi ulikuwa wa mtu mmoja nitamwita Bwana Sefu, mtu wa mzaha, si mbaya.

"Magunia manne na watu wawili," nikamwambia.

"Nimeyaona. Na bei umeisikia."

"Hiyo bei ya mtu mwenye mashine, si ya mtu mwenye pondo."

"Basi shika pondo mwenyewe, bibi, nikuone kiuno!"

Waliokuwa dikoni wakacheka, na mimi damu ikanichemka vizuri, ile ya mchezo. Nikageuka kumwangalia mwenzangu, kama unavyomwangalia kabla ya kutupa karata. Hawa alikuwa amekaa juu ya gunia, kanga kajitanda kichwani na jua lote lile. Mkono wake ukatoka kwenye kanga. Akalivuta sikio la kushoto mara mbili.

Nikasema moyoni, kaza.

Nikakaa chini, Zena. Nikajifanya sina safari. Nikaanza kuzungumza na wanawake habari za mpunga na nguruwe wanavyouharibu. Bwana Sefu akaenda akapakia mikeka ya watu, akarudi, akashusha kidogo. Nikatazama pembeni. Akaenda tena. Hawa akalivuta sikio tena, polepole zaidi. Nikafurahi, nikasema mdogo wangu huyu, hata na homa anajua kucheza.

Mwisho Bwana Sefu akacheka akanyoosha mikono. "Haya dada, umenishinda. Leta mizigo."

Nikainuka kwa furaha. Nyuma yake, pale mtumbwi ulipokuwa unaelea, kaa walikuwa wanatembea kwenye tope. Maji yalikuwa yamekupwa. Mimi na yeye tulikuwa tunachungana nyuso, na maji hayakuwa na habari na uso wa mtu.

Akautazama mtumbwi wake umelala ubavu. "Nitauburuza?" akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Maji yaliyofuata yalijaa usiku, na hakuna aliyekubali kupita mikokoni gizani. Tukaondoka na maji ya alfajiri. Magunia niliyaacha. Hawa alilala mapajani kwangu, mwili unawaka. Tulipoingia kwenye mkono mkubwa wa mto akafumbua macho.

"Dada."

"Naam."

"Nilikwambia nibebe."

Nikamwambia, "Nilijua unasema kaza."

Akanitazama kama alivyokuwa akizihesabu karata zilizoanguka. Kisha akasema, "Aa. Ile ya sokoni." Akatabasamu. Wallahi alitabasamu. "Tungesema tu kwa mdomo, dada."

Hayo ndiyo ya mwisho niliyoyasikia yakiwa na akili ndani yake. Tulifika Mchukwi, wauguzi wakatoka mbio kumpokea, wakafanya yote, homa ilikuwa imeshapanda kichwani. Alasiri ya kesho yake akafariki. Je, tungewahi maji ya kwanza angepona? Nilimuuliza muuguzi mmoja, mama mtu mzima. Akanishika bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kama angesema ndiyo ningelia nikamaliza. Angesema hapana ningelala. Hakusema, na mpaka leo swali lile liko nami. Naamka nalo kupika uji, nafunga nalo genge. Umewahi kuniuliza kwa nini wateja wengine nawapunguzia bila wao kuomba. Bi Somoe anasema mimi nina mkono wa heri. Si heri. Mtu akijikuna sikio mbele ya genge langu, siwezi kukaza. Nampa bei yoyote aende.

Tatu nilimleta huku, mkalala kitanda kimoja, mkagombana kitana kimoja. Ananiita mama mkubwa. Anajua mama yake alikufa kwa homa. Habari za dikoni hajui. Kila mwaka nilisema akikua kidogo. Akakua. Nikasema baada ya futari, baada ya Idi. Barua hii niliianza iwe yenu wote wawili, nikaandika "Zena na", kalamu ikagoma kwenye jina la pili. Ukurasa huo nimeuchana. Nimeona nikuachie wewe, uje umwambie huko mkishatulia. Unaona? Mama yako bado anataka kucheza kwa mkono wa mwingine.

Basi nililonalo la kukupa ni dogo. Kumbukumbu unayo. Kusubiri turufu mpaka zamu yake unajua kuliko mimi. Kuona garasa ukanyamaza unajua. Hayo yote chukua, yatawafaa kwa wenye maduka, kwa wauza mchele, kwa matingo wa malori watakaotaka kula kwa maneno matamu. Wafichieni hao. Lakini Tatu yuko upande wako wa mkeka. Amechoka, aseme nimechoka. Hataki tena kupika, aseme sitaki. Ukimpenda mtu huko ukataka kuolewa, mwambie kabla hajaona machoni. Siku mbili tatu mtajiona wajinga, watu wawili wanaojuana tangu utoto wanaambiana vitu vinavyoonekana. Jioneni hivyo hivyo.

Ngoja kwanza. Tatu ameingia, anautafuta ule upawa mkubwa.

Nimerudi. Jua limeshafika kwenye paa la Bi Somoe, naandika haraka.

Upawa ulikuwa nyuma yangu hapa. Nikampa, akageuka aende. Nikamwita. Nikamwambia akae, akasema yuko sawa kusimama. Nikamwambia yote, Zena, hivi nilivyokuandikia, ila kwa mdomo, na kwa mdomo yalikuwa mafupi kuliko nilivyodhani. Miaka kumi nimebeba kitu kinachosemeka kabla chai haijapoa.

Alikuwa ameushika ule upawa kwa mikono miwili. Kisha mkono mmoja ukaachia, ukapanda, ukashika sikio la kushoto.

Nikaanza kusoma. Nibebe? Kaza? Ananisamehe? Ananiaga? Nikajikamata.

"Tatu mwanangu, unasema nini? Sema kwa mdomo."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Sikio linaniwasha, mama mkubwa."

Tukacheka. Tulicheka wote wawili, kwa sauti, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na mimi sikukausha uso. Nilipomkaribia akarudi nyuma hatua moja.

"Nina hasira na wewe," akasema. "Nadhani zitaisha. Ila leo ninazo."

Nikamwambia, "Nimesikia."

"Na usinifuate."

"Sikufuati. Na kesho?"

Akajifuta na mtandio. "Kesho nasafiri na Zena. Yeye akipika nani atauza? Atawaogopesha wateja kwa mdomo wake ule." Akaenda na upawa wake.

Sasa yuko uani, anapanga vitu kwa kelele, anavigonga kuliko inavyotakiwa. Ni kelele za hasira, na mwanangu, sijawahi kusikia kelele nzuri hivyo katika nyumba hii. Amekuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuzilaza karata zake wazi mbele yangu, na hakuna aliyekufa.

Nasikia unamuaga Bi Somoe mara ya tatu, sasa unakuja kweli. Barua hii nitaitia ndani ya sufuria ile ndogo, pamoja na zile karata zangu, ambazo nitazifungua kwa mara ya kwanza nikuwekee. Chezeni Ramadhani. Ishara nyingine zote nimewaachia. Ile ya sikio irudi kuwa sikio tu, likiwasha mtu ajikune.

Ukiingia hapo mlangoni nitakwambia kwa mdomo kwamba nitakukumbuka. Usishtuke. Nimekwisha kufanya mazoezi.

Mama yako, ambaye mkono wake wote umeshauona.